Waifai ya Uani Itanitoa Roho

Jamani leo asubuhi nilikuwa natuma CV tu, kurasa mbili, ikazunguka mpaka chai ikapoa ikaota utando. Na hiyo waifai tunachangia vyumba tisa ila kukusanya hela nakusanya mimi, na wasiolipa mnawajua, ni walewale wa LUKU.

Nikafungua ruta niangalie. Vifaa 31! Kuna kimoja kimejiandika TV ya Sebuleni, na sisi hatuna sebule. Dada wa saluni naye kawagawia wateja nywila, mtu yuko nusu rasta anapakua tamthilia.

Nikaita fundi. Kwanza katutoa chaneli 6, yaani njia ya hewani ruta inayopitishia mawimbi, maana mtaa mzima uko humo, akatupeleka 11, dakika kumi raha tupu, kisha ruta ya jirani nayo ikahamia 11. Akasema bro, mnara kujaa kwenye simu sio ishu, hewa ndo imejaa, ruta inaongea na simu mojamoja kama dirisha la dawa lenye nesi mmoja, sasa yule aliye mbali anaongea kwa kuvuta na foleni nzima inamsubiri. Aliye mbali nani? Tukafuata kuta tatu, mpaka chumba cha mwisho karibu na choo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni."

Kalala chali, simu ya kioo kilichopasuka kifuani, mnara mmoja, taarabu inakatakata.

"Mzee, simu yako inatuchelewesha wote," fundi huyo, hana hata salamu ya pili.

Mzee akavua miwani. "Inawachelewesha wapi? Mimi nimelala hapa, sijaenda popote."

Fundi akaanza somo la mawimbi ya ruta, gigahezi 2.4 inafika mbali ila ina msongamano, gigahezi 5 ina kasi ila ukuta haiuwezi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi hiyo isiyoweza ukuta wapeni vijana, mimi niacheni na mzee mwenzangu.

Fundi hajakoma: tunaweza kuweka kikomo, simu yenye mnara hafifu ruta inaitema yenyewe.

Weee! "Nani anatemwa? Mimi? Nimelipa tangu hiyo ruta iko kwenye boksi!"

Na daftari ninalo, jamani, mzee hajawahi kuruka mwezi hata mmoja. Sasa nimteme yeye nimbakize TV ya Sebuleni? Nilichoka, nikasema kwa adabu zote, mzee wangu, njoo ukae barazani kwangu, pale inashika vizuri.

Fundi kasema dawa ni kuvuta waya tuweke kiruta cha pili kule mwisho. Michango hiyo ataikusanya nani? Kachukua elfu ishirini ya ushauri, na soda. CV nimeituma kwa bando la jero.

Mzee kweli kaja. Kaja na simu, chaji na mto, mkeka kachukua wangu, na taarabu sasa haikatiki hata kidogo.