Hewa Inaingia au Inatoka, Mwalimu?

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa Historia amekwisha kusambaza video ya sekunde 47 katika kundi la walimu, na kutoka huko imemfikia hadi shemeji yangu wa Geita ambaye hatujasalimiana tangu Krismasi, naona ni haki yangu kuusimulia mkasa huu kwa kinywa changu kabla haujaongezewa chumvi nyingine. Naomba nianze kwa kusahihisha mambo mawili. Sikutumbukia ziwani, kilichotumbukia ni kiatu. Na yule mama wa dagaa hakunisukuma mimi. Alisukuma pikipiki, na mimi nilikuwa juu yake.

Mnaonifuata hapa mnaifahamu pikipiki yangu ya cc 125, ambayo kwa miaka minne ilinitoa Nyegezi hadi mjini Mwanza na kunirudisha bila manung'uniko. Mwezi uliopita ikaanza kumisi. Asubuhi inawaka kwa kiki moja na kunguruma vizuri, lakini ikishaiacha Mkuyuni kuelekea Igogo inaanza kukohoa, inakosa nguvu kana kwamba inapandisha kilima cha Bugando ikiwa na magunia mawili ya mpunga, kisha inazima. Nikisimama nayo kando ya barabara kwa dakika tano, inawaka tena kama vile hatukuwa na ugomvi wowote.

Mimi nafundisha Fizikia. Nalisema mapema kwa sababu ndipo panapouma.

Kwanza niliyashuku mafuta. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba tangi likiwa na petroli kidogo safari ilikuwa ndefu, lakini siku niliyojaza hadi juu haikufika hata kilomita nne. Kwa akili zangu nikaona jibu liko wazi: petroli ya siku hiyo imechakachuliwa. Nikahama kituo, nikahama tena, na katika kituo cha tatu nilimhoji kijana wa pampu maswali mengi hadi akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Pikipiki iliendelea kuzima kwa petroli ya vituo vyote vitatu bila upendeleo.

Ndipo nikaenda kwa fundi wangu wa Mkuyuni. Aliichomoa plagi, akaigeuza juani, akasema, "Mwalimu, plagi nyeupe hii. Injini yako ina njaa." Alikuwa anamaanisha kwamba injini inapata hewa nyingi na mafuta machache, kwani ingekuwa inashiba mafuta kupita kiasi plagi ingekuwa nyeusi yenye masizi. Hilo nalifahamu. Hata hivyo sikumwacha amalize. Nilimweleza kwamba ziwa letu la Victoria liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kwamba bila shaka kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za chini inaidhulumu injini hewa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiifuta plagi kwa pindo la shati, kisha akaniuliza kwa adabu kama Mwanza imepandishwa juu zaidi mwezi uliopita, maana Januari pikipiki hiyohiyo ilikuwa nzima.

Akaisafisha kabureta. Alitoa boya, akapuliza jeti, akarudisha. Tukafunga plagi mpya yenye mwanya wa milimeta 0.7. Tukabadilisha filta ya hewa, na mimi mwenyewe nikashikilia kwamba koili nayo ibadilishwe, ingawa fundi alisema haina kosa. Kila baada ya kazi nilikuwa nafungua mfuniko wa tangi kumwonyesha kwamba mafuta yapo, ninafunga, tunaijaribu hadi sokoni na kurudi, nayo inakwenda kama mpya. Nikifika nyumbani nawaambia watu imepona. Kesho yake, Igogo, inazima.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wakati huo sikuliona kuwa jambo. Mvua zilipoanza, maji yalikuwa yanapenya kwenye mfuniko wa tangi. Nikakata kipande cha rambo la zamani (ninajua mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, huyu alikuwa wa mwisho ndani ya nyumba, msinishitaki), nikakitandika mdomoni mwa tangi na kukaza mfuniko juu yake. Kazi safi sana. Hata tone halikuingia tena. Na mara nyingine pikipiki ilipozima, nilikuwa nafungua mfuniko kuhakiki mafuta, nasikia "fyuuu" nzuri ya nguvu, najisemea kwamba ni mvuke wa petroli unaotoka kwa sababu ya joto, kisha nairudisha nailoni yangu kwa uangalifu, nikiinyoosha kingo kwa kidole ili isikunjamane.

Sasa tufike Jumamosi.

Tulikuwa tumealikwa ubatizo ng'ambo, upande wa Sengerema. Nilijaza tangi Igogo, nikampakia yule Mwanahistoria, tukafika kwenye kivuko cha Kamanga mimi nikiwa na suti ya kijivu na viatu vya kanisani. Yeye alishuka, akatangulia na abiria wengine hadi juu, mahali ambapo mtu mwenye simu anaona kila kitu. Mimi nilibaki kwenye foleni, injini ikinguruma, mbele yangu gari dogo lenye kreti za soda na nyuma yangu Fuso la saruji.

Zamu yangu ikafika. Tairi la mbele likapanda kwenye lango la chuma la pantoni, nikausikia ule mlio wa bati zito chini yangu. Tairi la nyuma bado liko kwenye zege. Injini ikakohoa mara moja. Nikavuta choki, nayo ikapata uhai wa sekunde mbili, nikadhani tumevuka salama. Ikakohoa mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama mzee anayetaka kuaga, ikanyamaza. Katika ule ukimya nilisikia maji yakigonga ubavu wa pantoni na mtoto mmoja akisema, "Imezima."

Nikapiga kiki. Ikumbukwe kwamba nipo kwenye mteremko, lango limelowa, mguu mmoja ndio unaoshikilia pikipiki, suruali ya suti inabana. Kiki ya tatu ilirudi ikanigonga ugoko, nikatamka neno ambalo katika video limefunikwa na honi ya Fuso, namshukuru Mungu. Kiki ya tano, pikipiki ikaanza kurudi nyuma polepole. Nikabana breki, tairi likateleza hivyohivyo likiwa limebanwa. Nikakanyaga kwa nguvu kuizuia, na kiatu cha kulia, ambacho mke wangu aliwahi kusema kimenizidi namba moja, kikabaki kwenye ukingo wa lango, kikainama, kikaanguka majini. Hakikuzama. Kilielea, mdomo juu, kikaanza safari ya Sengerema bila mimi.

"Mzee, toa chombo! Pantoni haisubiri harusi!" Huyo ni mfanyakazi wa kivuko. Dereva wa Fuso alikuwa amezima injini yake na kushuka ili aone vizuri. Ndipo mama mmoja akatua ndoo yake ya dagaa, akafunga kanga kiunoni, akaniambia, "Bhabha, wewe shika usukani tu," akanirudisha nyuma hadi nchi kavu, mimi nikiwa nimekaa juu wima kama Mkuu wa Wilaya anayekagua gwaride, soksi moja ikichuruzika maji.

Nikiwa katika hali hiyo nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, Mwalimu."

Ni binti wa Kidato cha Pili, mwanafunzi wangu, amebeba mfuko anakwenda kwao kwa wikendi. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje? Kisha, ili nionekane ninafanya jambo, nikafungua mfuniko wa tangi. Fyuuu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo hewa inaingia au inatoka?"

"Inatoka. Ni mvuke wa petroli."

Akainama akachungulia. "Mbona nailoni imebonyea kwenda ndani?"

Nikatazama. Rambo langu lilikuwa limening'inia ndani ya mdomo wa tangi kama kibakuli, limenyooka likawa jembamba, limenyonywa na kitu kilichokuwa chini yake. Kama mvuke ungekuwa unatoka, lingekuwa limevimba juu. Tundu la kupumulia kwenye mfuniko, dogo kama ncha ya sindano, nilikuwa nimeliziba mwenyewe.

"Si kama lile kopo la maziwa, Mwalimu?"

Ndiyo, wafuasi wangu. Mwaka jana, wakiwa Kidato cha Kwanza, nilisimama mbele yao na kopo la maziwa, nikalitoboa tundu moja, maziwa yakadondoka kwa shida. Nikatoboa la pili, yakamiminika hadi kwenye shati langu, nikawaandikisha kwamba kimiminika hakitatoka vizuri kama hewa haipati njia ya kuingia. Aliikariri sentensi hiyo yote, neno kwa neno, kwa heshima kamili, mbele ya dereva wa Fuso, mama wa dagaa na mfanyakazi wa kivuko, ambaye alisema, "Kumbe ni mwalimu."

Kila kitu kikajipanga kichwani kwa wakati mmoja, na sikufurahi. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo mafuta yakipungua kidogo tu mvutano unakuwa mkubwa na kabureta inakauka mapema. Zile dakika tano zilikuwa za hewa kupenya kwenye kingo. Na majaribio yote ya gereji yalifaulu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafungua tangi kabla ya kuondoka. Plagi nyeupe ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Nilitoa nailoni, ikawaka kwa kiki moja. Pantoni ilikuwa imekwisha kuondoka na Mwanahistoria wangu, ambaye alikula pilau yangu na kuuaga ukoo mzima kwa niaba yangu. Kiatu hakikupatikana. Plagi, filta, koili na ufundi vimenigharimu shilingi 74,000. Mvua sasa naizuia kwa kofia ya kitambaa juu ya mfuniko, na tundu linapumua.

Jana nilimpigia fundi kumwambia ukweli, maana alistahili. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza, "Mwalimu, huyo binti anamaliza shule lini?"