Mshahara wa Afisa Mkuu wa Kaunti: Nani Aupange, na kwa Kipimo Gani?

Katika serikali za kaunti nchini Kenya, anayeiendesha idara siku hadi siku ni afisa mkuu, wala si waziri wa kaunti. Waziri hutoa mwelekeo wa sera na kujibu maswali ya bunge la kaunti, ilhali afisa mkuu husimamia watumishi, huidhinisha malipo na, kwa kuwa kwa kawaida ndiye aliyekabidhiwa dhamana ya fedha za idara chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, hutakiwa kujibu mwenyewe hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hata hivyo, Katiba imewaweka wawili hawa katika mafungu tofauti. Waziri ni afisa wa Serikali, na malipo yake huwekwa moja kwa moja na Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) chini ya Kifungu cha 230. Afisa mkuu ni afisa wa umma, ambaye Tume hiyo huishauri tu kaunti kuhusu malipo yake. Nguvu ya ushauri huo imebishaniwa mahakamani, ingawa kwa vitendo kaunti inayolipa nje ya waraka wa Tume unaotaja viwango hivyo hujitafutia matatizo na wakaguzi.

Wanaotetea viwango vya pamoja vya mishahara kwa kaunti zote wana historia upande wao. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi watumishi wa mabaraza 175 ya zamani ya serikali za mitaa, waliokuja na viwango vilivyotokana na mapatano ya vyama vya wafanyakazi, pamoja na watumishi wa wizara zilizogatuliwa, waliokuja na viwango vya serikali kuu, hata ikawa watu wawili wanafanya kazi ile ile katika ofisi moja kwa mishahara tofauti. Tume ilijibu kwa tathmini ya kazi, ikazipanga nafasi kwa madaraja kulingana na uzito wa maamuzi yanayofanywa na mwenye nafasi. Liko pia jambo ambalo magavana hawapendi kulisikia: afisa mkuu huteuliwa na gavana kutokana na majina yaliyopendekezwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na bodi yenyewe huteuliwa na gavana huyo huyo kwa idhini ya bunge la kaunti. Kumwachia mteuzi apange pia mshahara wa mteule wake ni kutafuta balaa.

Upande wa pili, wa wanaotaka kila kaunti ijipangie, hauna hoja dhaifu. Kifungu cha 235 kinaipa kaunti mamlaka ya kuunda na kujaza nafasi za utumishi wake, ilimradi ifuate kanuni za pamoja, na ni vigumu kusema kaunti ina mamlaka kamili juu ya nafasi ambayo thamani yake imepangwa kwingine. Zaidi ya hayo, sensa ya 2019 iliipa Nairobi watu 4,397,073 na Lamu watu 143,920, lakini afisa mkuu wa afya ana cheo kile kile kote kuwili. Binafsi naona idadi ya watu ni kipimo kibovu kikitumika peke yake. Anayesimamia zahanati zilizotawanyika katika eneo kame la Turkana, akiwa na wasaidizi wachache, huenda ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa mjini mwenye wakurugenzi wa kutosha. Posho ya nyumba na ile ya mazingira magumu hugusa suala la mahali mtu anapoishi. Uzito wa idara yenyewe hauguswi na posho yoyote kati ya hizo.

Mjadala huu, kwa maoni yangu, umekwama kwenye kiasi anacholipwa mtu mmoja na kusahau idadi ya wanaolipwa. Katiba imeweka kikomo cha mawaziri wa kaunti: kumi pale ambapo bunge la kaunti lina wajumbe 30 au zaidi, na theluthi moja ya wajumbe pale ambapo ni wachache kuliko hao. Haikuweka kikomo kama hicho kwa maafisa wakuu. Gavana anaweza kuigawa idara moja katika sehemu mbili au tatu, kila moja na afisa mkuu wake, gari lake, dereva na katibu muhtasi, bila mshahara wa yeyote kati yao kuvuka waraka wa Tume hata kwa shilingi moja. Kila malipo yatakuwa halali, na jumla yake itakuwa mzigo. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara kaunti nyingi zikikivuka kiwango hicho. Kaunti ikishafika hapo, anayeumia ni muuguzi aliyekaa miaka mingi bila kupandishwa daraja, au zahanati iliyojengwa ikakosa wa kuihudumia. Afisa mkuu wa tatu wa idara hiyo haguswi.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuvunja msingi wa pamoja. Uhamisho wa wahandisi na wahasibu kutoka kaunti maskini kwenda zile zenye mapato yake zenyewe ungeongezeka mara moja, na Nairobi haihitaji msaada huo. Kinachohitajika ni madaraja machache juu ya msingi huo, yapangwe na Tume kwa kuangalia fedha, watumishi na vituo vinavyosimamiwa, na kaunti ilazimike kuthibitisha hitaji la nafasi kabla ya kuuliza bei yake. Idara iliyogawanywa mara mbili ingeshuka daraja kwa sababu kila nusu ina kazi pungufu, na kishawishi cha kugawa kingepungua bila sheria mpya.

Hatari ya mpango huo iko kwenye kipimo cha fedha. Makadirio ya bajeti za kaunti mara nyingi hubeba malengo ya mapato ya ndani ambayo hayafikiwi, na afisa anayejua kwamba daraja lake linafuata ukubwa wa fungu lake hatakosa sababu za kulitunisha. Ndiyo maana hesabu itakayotumika haina budi kuwa ya matumizi yaliyokwisha kukaguliwa ya miaka iliyotangulia, hata kama hilo litamfanya afisa mkuu wa idara inayokua asubiri mwaka mmoja au miwili kabla mshahara wake haujaifikia kazi yake.