VAR ya Mwananyamala

Binamu yangu hupiga picha za harusi. Jumamosi moja alinipa kamera yake kwa shingo upande, akaniwekea spidi ya shata 1/1000 ya sekunde na kunionya nisiiguse. "Mpira si kazi ndogo," akasema. "Bi harusi hakimbii."

Washkaji zangu ni maveterani wa Mwananyamala. Nawaita maveterani kwa heshima tu. Wengi hawajawahi kuchezea timu yoyote, wamezeeka basi. Nilikwenda kuwapiga picha za jezi mpya kabla matumbo hayajazitanua. Ila mechi ilipoanza nikapiga goti pembeni ya uwanja, beki wetu akaruka kichwa, nikabonyeza, kamera ikalia tra-ta-ta-ta. Kwenye kioo nikamwona yuko hewani, miguu yote imeacha ardhi, jasho linaruka vitone vitone. Mtu huyu huita bodaboda kwenda dukani! Mpira wenyewe ulikuwa umeshapita, lakini hilo si la kuilaumu kamera. Ugonjwa ukaniingia hapo hapo. Kila aliyekimbia nilibonyeza, hata aliyekimbilia maji.

Dakika za mwisho, 2-2, straika wao akafunga.

"Kaotea!" sisi.

"Goli!" wao.

Refa akamtazama mshika kibendera ng'ambo ya pili. Kibendera kiko chini, mwenyewe anajifuta mdomo.

Tangu VAR, ile ya marefa kuangalia marudio ya video, itumike Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, mtaani kila mtu amekuwa fundi wa marudio. Sauti ikatoka kusikojulikana: "Si mpiga picha anayo!" Timu zote mbili zikanijia, na watazamaji, na mbuzi wa mtu. Sijawahi kuhitajika namna ile maishani. Nikawatuliza kwa sauti ya kitaalamu: jamani, kuotea kunaangaliwa pale pasi inapopigwa, si pale mfungaji anapoupokea mpira. Wakanyamaza. Nikarudi nyuma picha baada ya picha mpaka ile ya pasi, nikaikuza.

Wachezaji wote ukungu mtupu. Huwezi kujua yupi straika, yupi mlingoti. Fokasi ilikuwa imewaruka ikaenda kutua ng'ambo, kwa mama muuza mihogo. Yeye alitoka safi, mapovu ya mafuta kwenye karai unayahesabu. Na kando yake, safi vilevile, mshika kibendera: kibendera kwapani, mgongo ameupa uwanja, anachovya muhogo kwenye chachandu.

"Kaka," mwenye kibendera akasema taratibu, "hiyo si ya mapumziko kweli?"

"Muda umeandikwa, kaka."

Refa akaamua goli lisimame, kwa sababu mtu pekee ambaye ushahidi unaonyesha ameotea ni msaidizi wake. Wenzangu wakaniita msaliti. Mshika kibendera, ambaye ndiye aliyenileta kwa pikipiki yake, akaondoka bila kuniaga.

Mama wa mihogo akanivuta pembeni. "Mwanangu, hiyo nirushie WhatsApp nikatengenezee bango." Akanilipa sahani iliyojaa, ya moto, pilipili ya kutosha. Malipo yangu ya kwanza kwenye fani.

Bango limeshatundikwa pale pale mstarini. Mshika kibendera nilimkata kichwa asitambulike. Kibendera tu ndicho kilichogoma kutoka kwapani.