Mafuta ya Mama na Chenga za Nungwi

"Hizi chenga umewaletea kuku?"

Mama alikuwa amekishika kile kipakiti, anakitikisa karibu na sikio kama anayesikiliza nazi. Mimi nilikuwa nimekipakata safari nzima, boti kutoka Zanzibar mpaka Dar es Salaam, basi mpaka kwetu Uyole, Mbeya, nikakataa hata kukiweka kwenye buti pamoja na mabegi ya wenzangu. Nikamwambia kwa upole, Mama, hiyo si chenga, ni kuskusi. Ngano ngumu inasagwa ikabaki punjepunje, inaviringishwa kwa maji na unga, inapikwa kwa mvuke na kukaushwa.

"Punjepunje za ngano."

"Ndiyo."

"Chenga."

Hapo nikaona nimpige kwa elimu. Nikamweleza kwamba hiki ni chakula cha heshima kule Afrika Kaskazini, kwamba mwaka 2020 Algeria, Morocco, Mauritania na Tunisia ziliungana kukiingiza kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, na kwamba Algeria na Morocco si watu wa kuungana kirahisi kwenye jambo lolote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mama anayesikiliza. Kisha akasema wao waungane tu salama, sisi Jumamosi tunapokea watu wa Kyela.

Kwa asiyewajua, mtu wa Kyela ukimpa wali anaunusa kwanza. Akikaa kimya, ujue umemwangusha. Mchele wa kwao ukichemka jikoni, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo mna wageni. Chenga kwake ni kile kinachobaki mashineni, na kina wenyewe, wana manyoya na mdomo mgumu. Watu hao ndio waliokuwa wanakuja kumposa mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimeshatangaza kwenye ukoo mzima kwamba nitapika.

Niseme ukweli kuhusu cheo changu, maana nyumbani sikuusema. Hotelini Nungwi, kule Zanzibar, nilikuwa msaidizi wa jikoni. Maana yake kwa miaka miwili nilimenya viazi, na naapa vingine vilikuwa vya kwetu Uyole, vimevuka bahari kunifuata. Ila nilikuwa namenyea jirani na meza ya saladi, na mpishi wa saladi alikuwa mtu wa kuongea. Basi nikawa namenya huku nasikiliza, na ndiyo elimu yangu yote.

Alichokuwa anakisema kila siku ni kwamba kuskusi yenyewe haina la kujivunia. Ladha yake ni unachoimwagia. Unaipa maji ya moto kiasi chake, unafunika dakika tano, unaichambua kwa uma, umemaliza. Kazi iko kwenye sosi. Saladi ya majani mafuta ni sehemu tatu kwa limau sehemu moja, lakini kwa kuskusi unashuka mpaka mbili kwa moja, kwa sababu zile punje zinameza ukali wote na kesho yake unakula kitu kimepooza. Chumvi unaanza nayo kwenye limau, kwa sababu kwenye mafuta haiyeyuki, utakuja kuitafuna. Kitunguu swaumu kilichopondwa unakiacha ndani ya limau dakika kumi kipunguze hasira. Halafu haradali, kijiko cha chai. Hiyo ndiyo mshenga. Mafuta na limau hawaelewani bila mtu wa kati. Ukiwaacha peke yao, dakika mbili kila mmoja karudi kwao.

Haradali nilikuja nayo kwenye kichupa. Limau, asali, giligilani na nanaa nikapata sokoni Mwanjelwa asubuhi moja, na chenji ikabaki. Kilichonisumbua ni mafuta ya zeituni.

Nikaingia duka la kwanza Mwanjelwa, nikaelekezwa upande wa vipodozi. Yalikuwepo, kichupa kizuri, na picha ya dada mwenye nywele ndefu. Nikafungua nikanusa: waridi. Nikasoma nyuma, kumeandikwa yasimezwe. Duka la pili vilevile, ila pale muuzaji alinihakikishia kwamba yanaondoa mba. Duka la tatu walikuwa nayo ya kula kweli, na nikatajiwa bei, nikarudisha mkono mfukoni taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

"Tumia alizeti," Mama akasema niliporudi mikono mitupu. "Ipo dumu zima. Imekamuliwa hapo hapo."

Nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka, ndiyo maana naona aibu mpaka leo. Nikamwambia alizeti ya kukamuliwa ina harufu yake, itapigana na nanaa. Ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini sikuwa nazungumza ukweli, nilikuwa nazungumza Nungwi.

Jumamosi asubuhi Mama alipokwenda kwa jirani kuazima masufuria, nikafungua kabati la vioo sebuleni kutoa bakuli za wageni. Nyuma ya glasi, kwenye kona, nikaona chupa ya kijani ya nusu lita yenye tawi la mzeituni. Moyo ukaruka. Nikasema, kumbe Mama anayo siku zote, ananificha!

Sasa mtu mwenye akili timamu angejiuliza mafuta ya kupikia yanafanya nini kwenye kabati la sebuleni. Angejiuliza pia kwa nini yamewekwa juu ya kitambaa cha kufuma, yameegemezwa kwenye Biblia, na kitabu cha nyimbo kimelala mbele yake kama askari. Mimi nilijiuliza jambo moja tu: mbona yameganda? Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua. Yalikuwa mazito na meupe kama samli. Nikakumbuka somo la meza ya viazi: zeituni ikipigwa na baridi huganda, haijaharibika. Nikaitumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, ikarudi kung'aa. Nilijiona mtaalamu.

Nikamtuma mpwa wangu wa miaka tisa gengeni: lete binzari nyembamba, nikaikaange kidogo, hiyo ndiyo roho ya sosi yangu. Akaniletea kikaratasi kilichokunjwa. Wakati huo Mama alikuwa amesharudi, yuko uani anachambua mchele, nami niko mlangoni nimeligeuzia mgongo karai langu la sosi, nampa mhadhara kuhusu mshenga na haradali. Nikafungua kikaratasi nikamimina huku naongea.

"Mjomba," mtoto akasema, "mbona imekuwa kama rangi ya nyumba?"

Nikageuka. Manjano. Kikaratasi kizima cha binzari ya manjano, mbichi, ya unga, ndani ya sosi ya watu kumi. Nikaonja, ulimi ukawa kama nimelamba udongo wa Rungwe. Mtoto akajitetea kwamba gengeni aliulizwa nyembamba au ya njano, akachagua yenye rangi nzuri. Sikuwa na la kumwambia. Nikaenda nyuma ya jiko nikaimwaga yote kwenye shina la mgomba, nikafukia na mguu, nikaanza upya. Safari hii nilikwenda gengeni mwenyewe. Nikaikaanga binzari kwenye kikaango kikavu mpaka ikanukia, nikaitwanga, nikatia kila kitu kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko, nikatikisa mpaka bega likauma. Nikaimwagia kuskusi ingali ya moto, maana ikishapoa hainyonyi sosi tena. Chupa ya kijani ilibaki vidole viwili. Nikairudisha kwenye kitambaa chake cha kufuma.

Wageni wakaja saa nane, saba kwa idadi, mshenga mbele, na bibi wa bwana harusi mtarajiwa katikati, amejifunga shuka la baridi mpaka kidevuni, analaani hali ya hewa ya Uyole. Wakaandaliwa. Wali, ndizi, kuku, maharage, na katikati bakuli langu limepambwa nanaa na nyanya kama keki.

Bibi akaliangalia. Akamwangalia mshenga. Mshenga akalinong'oneza sikio la Baba Mkubwa, lakini ana sauti ya mnadani yule mzee, wote tukasikia: "Kwa wakwe zetu mchele umekuwa shida?"

Nikainuka kueleza. Nikafika mpaka UNESCO. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Mshenga, kwa adabu, akachota kijiko kimoja, akakizungushia pembeni ya sahani, akakifunika na mfupa wa kuku. Wengine hata huko hawakufika. Wali ukaisha mpaka ukoko, ndizi zikaisha, na bakuli langu likabaki vile vile kama picha ukutani. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye siku, alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo nisingependa kukutana nalo gizani.

Mazungumzo yenyewe yakaenda vizuri, hayo si ya kusimulia hapa. Ilipofika saa ya kuagana, Mama akasimama, akasema hawezi kuwaachia wageni wapande mlima kurudi Tukuyu na kuteremka mpaka Kyela bila kuwaombea. Akamgeukia mpwa wangu.

"Mama, nenda kabatini kanichukulie mafuta yangu ya upako. Yale yaliyoombewa kwenye mkesha."

Nilisikia tumbo likishuka gorofa mbili.

Mtoto akaja na chupa ya kijani. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua, akaiona nyepesi, akaiinua tena kuelekea dirishani. Mama yangu hupaka tone. Tone moja, kwenye paji la uso, tena analigawa kwa watu wawili wakiwa wembamba. Chupa ile ilikuwa ya miaka.

"Nani kanywa mafuta?"

Kimya. Mtoto akanitazama mimi. Dada yangu akanitazama mimi. Kuku mmoja alipita mlangoni, naye akanitazama.

"Niliyaweka kwenye chakula, Mama."

"Chakula kipi?"

Ulimi wangu, ambao wiki nzima ulikuwa unasema kuskusi, ukasema mbele ya wakwe: "Kwenye zile chenga."

"Yote?"

"Nusu. Nusu nyingine nilimpa mgomba."

Baba Mkubwa akavua miwani akaanza kuifuta. Mama alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, bahati kilikuwepo. Nikaona posa ya mdogo wangu inaondoka na basi la jioni.

Ndipo bibi akaachia shuka kidogo, mkono ukatoka, ukalivuta lile bakuli taratibu mpaka kifuani kwake.

"Mwe! Kumbe upako umo humu, nasi tunauangalia tu?"

Akachota. Akala amefumba macho. Mshenga akaufukua ule mfupa wa kuku, akamaliza kilichofichwa chini yake, kisha akasogeza sahani: "Niongezee, mwanangu, nina goti la siku nyingi." Mgonjwa wa mgongo akafuata. Aliyekuwa na kesi ya shamba akafuata. Baba Mkubwa, ambaye dhehebu lake halina kabisa mambo ya mafuta, nilimhesabia sahani mbili. Watu walivua kofia. Nungwi nimeona kuskusi ikiliwa na watalii wa kila rangi, wengine wakiipiga picha, lakini sijawahi kuona ikiliwa kwa unyenyekevu ule. Kijana mmoja wa wageni alitoka nje kimya kimya. Nilipochungulia nikamkuta amesimama mbele ya mgomba, ameuwekea mkono.

Mimi sasa nilikuwa nasubiri. Nilitaka mtu mmoja tu aseme neno kuhusu ile binzari niliyoikaanga, au limau, au namna nanaa inavyokuja mwishoni. Wakaramba bakuli hakuna aliyesema. Nikajikaza nikamsogelea bibi.

"Na ladha yake umeionaje, Bibi?"

Akanitazama kwa huruma. "Dawa huiulizi ladha, mjukuu wangu." Kisha akamgeukia Mama, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo."

Mama hakuniombea niliposafiri. Alisema nimeshakula ya kunitosha mpaka Krismasi. Vidole viwili vilivyobaki akavihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda, kwenye sanduku lenye kufuli.

Mwezi wa tisa nikiwa Nungwi, kisu mkononi, ndoo ya viazi miguuni, simu ikalia. Wakwe wanakuja tena, Mama akasema, safari hii ni kumi na wanne, goti la mshenga limepata nafuu na ameleta ndugu zake. Wameagiza zile chenga, nitume pakiti tatu kwa basi.

"Na mafuta, Mama? Nikutafutie huku?"

"Mafuta usihangaike. Tumeombea dumu zima la alizeti."