Sita kwa Sita Ndani ya Haisi

Leo naomba niongee na wewe, ndugu yangu, unayetaka kuingiza godoro la futi 6 kwa 6, unene wa inchi 10, ndani ya Haisi yako ya kulala safarini. Sina ugomvi nawe. Hela ni yako, gari ni lako, mgongo ni wako. Ila lile godoro lililochungulia nje ya mlango wa nyuma pale gereji, limefungwa kamba ya katani na manyunyu yanalipiga, limenikera kiasi kwamba nimeshindwa kunyamaza. Tumekosa umeme, tumekosa maji, na futi ya kupimia nayo tumeikosa?

Haya, tuhesabu kwa utulivu, sisi ni watu wazima. Haisi ya mwili mwembamba, hizi hizi za daladala, ina upana wa nje wa mita 1.695. Toa bati, toa mbavu za bodi, toa kizuia joto na plaiwudi uliyopigilia ukutani ili gari lipendeze. Ukibahatika unabaki na sentimita 145. Futi 6 ni sentimita 183. Zile 38 zilizozidi unazipeleka wapi? Unazikunja, ndiyo jibu. Godoro linapanda ukutani pande zote mbili, katikati linakuwa bonde, na nyie wawili mnalala bondeni mkigombea kiwiko.

Kimo ndicho kibaya zaidi. Sakafu hadi dari ni kama mita 1.3. Kitanda chenye droo chini kinakula sentimita 30. Godoro la inchi 10 linakula 25. Umebaki na 75. Mtu mzima akikaa wima, kuanzia makalio hadi utosi, anahitaji 85 hadi 95. Maana yake shati utalivalia ukiwa umelala, chai utainywea ukiwa umelala, na mkeo mtagombana mkiwa mmelala. Weka inchi 4 uone: zinabaki 90, na mwenye kimo cha wastani anakaa akafunga vifungo vyake kwa heshima.

Kwa hiyo inchi 4. Tano ukiwa na mwili. Lakini liwe sponji zito, maana inchi 4 za sponji jepesi ni sawa na kulala juu ya mkate. Na hapa ndipo safari ya duka la magodoro inapoanza, na Mwenyezi Mungu akutie nguvu.

Muuzaji hakuulizi shida yako. Anauliza, "Sita kwa sita, bosi?" Unamwambia unataka la gari. Anachungulia nyuma yako kutafuta lori, akijua umekuja kubeba kumi na mbili. Unamfafanulia: la kulala ndani ya gari. Anashusha sauti, anakusogelea, "Pole sana kaka. Nyumbani kuna nini?"

Unajikaza. Unamwambia nyumbani ni salama, unataka 5 kwa 6, inchi 4, utalipunguza mwenyewe.

"Inchi 4 ni la mtoto wa bweni, bosi. Wewe na hadhi yako?"

Hapo usiyumbe, maana hadhi ndiyo iliyotufikisha gereji na kamba ya katani. Muulize densiti, yaani uzito wa sponji kwa ujazo wake; lile zito ndilo wanaloliita haidensiti.

"Haidensiti."

"Ndiyo, ngapi?"

"Haidensiti kabisa."

"Kilo ngapi kwa mita ya ujazo?"

Anakutazama kwa huruma ileile ya mwanzo, kisha anamgeukia kijana wake: "Dogo, lete ile haidensiti yenyewe." Kumbe ulikuwa unauziwa ile ambayo siyo yenyewe. Dogo anarudi na godoro lilelile, nailoni imepanguswa vumbi. Bosi wake analirukia kwa matako mara tatu kukuonyesha linavyorudi. Kurudi si hoja, hata puto linarudi. Hoja ni je, litarudi mwezi wa sita wa kulilalia, wakati nyonga imelala palepale kila usiku.

Dawa yake ni mizani. Godoro la 5 kwa 6 la inchi 4 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.28. Sponji la kilo 28 kwa mita ya ujazo litakupa karibu kilo 8. Sponji hafifu la kilo 16 litakupa kilo 4 na nusu. Ongeza nusu kilo ya kava. Hiyo hesabu haihitaji digrii, inahitaji duka la Mangi lililo jirani, lenye ile mizani ya kupimia sembe.

Mwambie muuzaji kwamba kabla hujalipa mnakwenda kulipima. Atacheka. Akiona hucheki, ataacha kucheka. Dogo anajitwika godoro, mnavuka barabara, bodaboda wanapiga honi, na mpaka mfike kwa Mangi mna msafara. Mangi anaondoa sadolini za maharage, anauliza, "Hili linapikwa vipi?" Mama mmoja aliyefuata nusu ya sukari anataka kujua kilo ni shilingi ngapi, labda lina nafuu kuliko nyama. Godoro linawekwa, linapinda, linagusa kaunta. Mzee aliyekuwa akisoma gazeti anashauri likunjwe kwanza. Linakunjwa. Linafunguka, linamvua Mangi kofia. Linafungwa kwa mkanda wa dogo, sasa dogo ana mkono mmoja wa kushika suruali. Mizani inatulia.

Kilo 5 na robo.

Toa kava, gawa kwa 0.28, unapata kama 17. Hiyo ndiyo haidensiti yenyewe.

"Mizani ya Mangi inapunja," anasema muuzaji.

Basi hapo umeshapoteza mchana wako. Mangi anatoka nyuma ya kaunta akionyesha stika ya vipimo. Muuzaji anakumbushia sukari ya Ramadhani iliyopita. Mama wa nusu sukari naye sasa anataka nusu yake irudiwe kupimwa. Wewe uliyekuja kutafuta usingizi umesimama katikati, na hakuna hata mmoja anayekukumbuka isipokuwa dogo, anayeomba mkanda wake.

Jamani, si mngeandika tu namba kwenye lebo? Kiwandani namba wanaijua! Sponji halitengenezwi kwa kubahatisha, mchanganyiko unapimwa. Kwa nini mimi niliye mwishoni ndiye nibebe godoro kichwani kwenda kulipima na maharage?

Ukichoka na hao, nenda kwa mafundi wa makochi, Keko au popote walipo mtaani kwako, uombe sponji la kukalia. Sponji la kochi linauzwa zito kwa sababu kochi hukaliwa na wageni, na wageni tunawajua. Mwambie alikate 140 kwa 183, kisha vipande vitatu vya sentimita 61, ili mchana viwe vya kukalia na usiku viungane. Akate kwa msumeno mrefu au kisu kirefu cha meno, mkono ukiwa wima. Akikata kwa mkasi utapata kingo za ngazi, na vipande vitaachiana usiku. Chini ya vipande tandika ule mpira wenye matundu ya kuzuia zulia lisiteleze, la sivyo ukifunga breki kitanda kinakuja mbele kusalimia dereva.

Kava, mpe fundi cherehani vipimo pungufu ya sentimita 1 kila upande, ili kitambaa kikaze. Zipu ipite upande mrefu na ikate kona zote mbili. Zipu fupi ya upande mmoja ni mateso, sponji halitaingia mpaka Idi. Likigoma, lizungushie nailoni nyembamba, linateleza lenyewe, kisha unaivuta nailoni itoke. Siku ya kuchukua kava sitaizungumzia. Utaambiwa Ijumaa, utalipata Jumanne, ya mwezi upi ni siri ya fundi.

Habari ya mto ni fupi: ule wa vipande vya sponji usinunue, asubuhi una mabonge saba na shingo moja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wanalikataa kwa macho makavu. Godoro linaloza kutokea chini. "Mbona ninalala mkavu?" Umelala mkavu juu, ndiyo. Usiku kucha mnapumua na kutoka jasho, maji yanashuka na joto la mwili yakipenya kwenye sponji, yanakutana na plaiwudi iliyopoa, yanageuka matone. Asubuhi mnaondoka, godoro halijainuliwa. Wiki mbili baadaye kuna madoa meusi, na harufu ya kabati la bibi. Halafu unalaumu mvua za Mbeya.

Kwa hiyo plaiwudi nzima haifai. Weka chaga, mwanya wa sentimita 5 hadi 7. Kama plaiwudi imeshapigiliwa na roho inauma kuing'oa, itoboe matundu ya milimita 25 kila baada ya sentimita 12 au 15, na droo za chini zisibane hewa. Kila asubuhi inua godoro lisimame kwa ubavu wakati chai inachemka. Dirisha acha wazi vidole viwili, pande mbili tofauti, na wavu juu yake. Mbu wa Ifakara hawasomi mabango.

Na mara mojamoja anika. Hapa naomba serikali iingilie kati. Huwezi kuanika godoro Tanzania hii ukabaki na jina. Umefika kambini, jua limetoka, umeegemeza vipande vyako vitatu kwenye gari kwa sababu za kisayansi kabisa, na kila anayepita anakusalimia huku macho yake yako kwenye godoro. "Habari za asubuhi?" Halafu anatafuta mtoto. Hakuna mtoto. Anakutazama wewe. Unaanza kumweleza habari za unyevu na plaiwudi, na kadiri unavyoeleza ndivyo anavyoitikia "ndiyo, ndiyo, hutokea." Anika na kava lake hivyo hivyo, jua kali likipiga sponji tupu linaligeuza njano na kulimenya unga. Na aibu meza.

Matandiko yenyewe yafuate mwinuko wa nchi, si picha ya hoteli. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Dar shuka moja unaliona adui. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200, Kitulo ni karibu 2,600, na mwezi wa Julai huko duveti moja unaliuliza wenzako wako wapi. Ila duveti hilohilo nene ukilibeba pwani linakula robo ya gari bure. Tabaka ndiyo akili: mashuka mawili ya pamba, blanketi jepesi la manyoya bandia, na blanketi zito moja. Shuka la Kimasai liwepo daima, unajifunika, linaziba dirisha, linatandikwa chini. Na baridi nyingi hutoka chini, ukitetemeka tandika blanketi moja chini yako kabla hujalipandisha la tatu juu.

Rangi nyeupe waachie mahoteli, wao wana mashine ya kufulia na wewe una udongo mwekundu. Shuka la kukaa sawasawa hulipati dukani kwa kipimo chako, nunua la bapa, likate 176 kwa 219, toa mraba wa sentimita 18 kila kona, shona kona, pitisha lastiki. Kumi za unene, nane za kuingia chini. Haling'oki hata ukiota unakimbizwa na mgambo.

Kuhifadhi, kila seti ikunjwe iingie ndani ya foronya yake, shuka, shuka na foronya ya pili. Usiku hutafuti kwa tochi, unavuta kifurushi kimoja. Mablanketi yaingie kwenye mfuko wa mto wa kochi, mchana unayaegemea. Ile mifuko ya kunyonya hewa ni mizuri ya safari ya siku mbili. Duveti la nyuzi likikaa humo miezi linatoka bapa na halipumui tena, na shuka lenye unyevu kidogo likifungiwa humo linatoka na ndevu. Ule mfuko wa shangazi kaja ni imara, lakini unapitisha vumbi, weka shuka kuukuu ndani kwanza.

Vumbi nalo lina akili kuliko sisi. Gari likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa hafifu, vumbi linajizungusha pale likitafuta upenyo. Ukifungua dirisha la mbele, upepo unanyonya hewa ya ndani itoke, na inayoingia kuziba pengo inapitia mlango wa nyuma, juu ya mto wako. Funga madirisha yote, washa feni ivute hewa ya nje, ndani pawe na msukumo. Na mpira wa mlango wa nyuma ukague, bana karatasi mlangoni, ikivutika kirahisi mpira umekwisha.

Ukishafanya yote hayo, sponji zito, chaga, lastiki, feni, simu inaita. Ni shemeji. Amesikia unapita Iringa. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Ilula kuna nyanya, "na gari si liko tupu, shemeji? Kuna kitanda tu." Kitanda tu! Unamwambia sponji linanyonya harufu, vitunguu gunia mbili usiku mmoja, magadi utayamwaga wee mpaka mwezi uishe. Anakuelewa sana shemeji, mtu muungwana, anasema basi acha vitunguu, usijisumbue kabisa, na kama unarudi kwa njia ya Mwanza je, dagaa wakavu wananuka nao?