Mzee wa Watu na Tiketi ya Jana

Kabla hamjaipokea ile hadithi ya Mwinyi, eti mzungu kanipiga bakora, ambayo nasikia imeshavuka feri hadi Likoni na kurudi: mzungu hakunipiga. Aliinua bakora tu. Kuinua na kupiga ni mambo mawili.

Mnanijua, kazi yangu kukagua tiketi za mashua za kioo chini, pale ufuoni Nyali. Juzi kuna mjuaji maskani akanisomesha: mkazo wa Kiswahili haujui kwao kwengine, ni silabi ya pili kutoka mwisho basi. KiTAbu, ukiongeza kidogo, kitaBUni. Cha Kiingereza chahamahama: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAphic. Na "record" ikiwa jina, nguvu mbele. Ikiwa kitendo, nguvu nyuma. Mimi nikashika la mbele tu. Asubuhi ile natema Kiingereza mpaka nahodha akaniuliza kama nimepata viza.

Ndipo akaja mzee, Mwingereza hasa, bakora mkono wa kulia, mguu wa kushoto una plasta mpaka gotini, mkewe kamshikilia. Tiketi yenyewe ya jana. Akaiweka pajani, juu kidogo ya plasta, atafute miwani. Nami, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, nikanyoosha kidole hapo hapo pajani. "Sorry sir. INvalid."

Mzee akaacha kutafuta miwani.

Nikajua hakusikia, wazee tena. Nikamsogelea sikioni. "IN-va-lid!" Na silabi nikazihesabu kwa vidole, ile ya kwanza nikaipa nguvu mpaka mate yakaruka. Mama akashusha miwani ya jua polepole, hadi puani. Foleni nzima kimya. Hata muuza madafu, panga lake likasimama hewani. "INvalid, no boat," nikamalizia, nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, msiniangalie hivyo.

Kumbe nguvu ikiwa mbele ni kilema, mgonjwa asiyejiweza. Tiketi isiyofaa mkazo wake uko kwenye "va", pa pili kutoka mwisho, palepale pa Kiswahili! Wallahi ningelitamka kama nyanya yangu, asiyejua hata "good morning", ningelipatia.

Bakora ikapanda. Nahodha mbio, pole zikamwagwa, mzee akapandishwa bure, mama akapewa dafu, hela nikakatwa mimi. Sasa nimehamishiwa kwenye nanga. Nanga haina tiketi.