Vibao si kompyuta ya maskini

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, kila wazazi wa hapa Tabora wanapozungumzia kompyuta shuleni kuna hofu moja inayorudi: watoto wa Dar es Salaam watabofya kompyuta, wa kwetu wataishia kupewa vibao. Vibao vinavyosemwa ni vipande vya mbao au plastiki, kila kimoja kikiwa na amri yake: "mbele", "geuka kulia", "rudia mara tatu". Mtoto anavipanga, mashine inasoma mpangilio na kuutekeleza. Hiyo ni programu, iliyoandikwa kwa mikono bila kibodi. Wanaoipinga njia hii wanaiita mchezo. Wanaoitetea wanasema ni nafuu, na mimi naona utetezi huo ndio unaoiumiza zaidi.

Hoja za wapinzani ni nzito, tena unafuu ndio wa kwanza kuanguka. KIBO, roboti iliyotokana na utafiti wa Marina Bers katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, inaelekezwa kwa vipande vya mbao vyenye misimbomilia (mistari ya "barcode" kama ya bidhaa za dukani), na seti moja inauzwa mamia ya dola. Kwa fedha hiyo shule inapata kompyuta mpakato ya mtumba. Halafu programu ya vibao hujaza meza upesi. Ukifika amri ishirini huna pa kuweka kiwiko, na kengele ikilia unaibomoa kazi yote, maana huna pa kuihifadhi. Vipande navyo hupotea, na "rudia" ikipotea somo limekwisha. Na hatimaye hakuna anayeajiriwa kwa kupanga mbao. Mzazi aliyeuza tumbaku ili alipe gharama za shule ana haki ya kuuliza haya yote.

Tatizo langu ni pale wanapofikia kusema kwamba basi hii ni kazi ya kupotezea muda mpaka kompyuta zifike. Dharau hiyo ina historia, na imeshagharimu.

Katika miaka ya sabini, maabara ya akili bandia ya MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilikuwa tayari na Logo, lugha ya programu iliyoanza 1967 kwa kazi ya Seymour Papert na wenzake, pamoja na roboti ya kutambaa sakafuni waliyoiita kasa. Logo ilimtaka mtoto ajue kusoma na kuchapa. Radia Perlman, mwanamke aliyekuwa katika maabara hiyo, alitaka watoto wa miaka mitatu hadi mitano nao waingie. Akaunda safu za matundu, kila safu na rangi yake. Mtoto alichomeka kadi za plastiki zenye amri, akabonyeza kitufe, kasa akazitii moja baada ya nyingine. Baadhi ya kadi zilikuwa za rangi tu: ukichomeka kadi ya bluu kwenye safu nyekundu, mashine inahamia kutekeleza safu ya bluu. Hapo mtoto ambaye hajui hata kuandika jina lake ameita programu moja ndani ya nyingine, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni.

Kazi hiyo Perlman aliiacha. Amesema mwenyewe kwamba, akiwa mwanamke pekee mahali pale, alitaka achukuliwe kama mwanasayansi, na aliona haya kidogo kuwa mradi wake unahusu watoto wadogo. Baadaye, 1985, alibuni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta, inayozuia data isizunguke bila mwisho katika mtandao wenye njia nyingi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina duniani. Mtu wa uwezo huo alirudishwa nyuma na mawazo yaleyale tunayoyasikia leo kwenye vikao vya wazazi.

Wengine waliendelea. Mwaka 1993 Hideyuki Suzuki na Hiroshi Kato wa Japani walieleza AlgoBlock, vipande vikubwa vya kuunganisha mezani ili kuongoza nyambizi iliyo kwenye skrini. Walivifanya vikubwa kwa makusudi, ili watoto wasimame kuizunguka kazi moja na kubishana juu yake. Baadaye Michael Horn na wenzake wa Tufts walitengeneza Tern, vipande vya mbao visivyo na umeme wala waya, vinavyosomwa kwa kamera. Kisha wakafanya jambo ambalo mabishano yetu hayana: walipima. Kwenye jumba la makumbusho ya sayansi la Boston waliweka roboti ileile, siku nyingine ikiongozwa kwa vibao, siku nyingine kwa mausi na skrini, wakahesabu. Matokeo waliyatoa 2009.

Matokeo hayo yana pande mbili, na kila mtu huchukua upande unaompendeza. Waliokwisha kuanza kuandika programu, wawe wa vibao au wa mausi, waliandika programu zisizotofautiana sana kwa urefu wala ugumu, na muda waliokaa haukupishana kwa maana. Mpinzani anaishia hapo: umeona, mbao hazimwongezei mtu akili. Sawa, haziongezi. Upande wa pili ndio ninaotaka tukae nao. Penye vibao, watu waliopita karibu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusogea na kujaribu, na tofauti ilionekana hasa kwa wasichana. Watoto zaidi walishiriki kwa mikono yao badala ya kumtazama mmoja akifanya.

Yaani swali la nani anakuwa hodari zaidi lilitoa jibu dogo, na swali la nani anaingia lilitoa jibu kubwa. Sasa lilete hilo jibu la pili hapa kwetu. Nimekaa nyuma ya klabu ya wanafunzi mjini hapa, watoto saba na kompyuta mpakato moja. Kijana mmoja alishika mausi. Wawili waliona skrini. Wasichana walisimama nyuma ya viti, na mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, "Amegeuza kabla ya kwenda mbele." Alikuwa sahihi. Hakuna aliyemsikia, na mausi haikumfikia. Kosa lilelile likiwa juu ya meza, angenyoosha mkono, akabadilishana vibao viwili, kazi ikaenda. Kwenye meza hakuna anayemiliki kifaa cha kuingizia amri. Boston walikuwa wanashindana na mausi moja mbele ya wageni wachache, sisi tunashindana na mausi moja mbele ya darasa zima.

Na skrini ina watoto ambao haitawafaa kabisa. Kitengo cha utafiti cha Microsoft kilichoko Cambridge, Uingereza, kilibuni kifaa ambacho leo kinaitwa Code Jumper, vipande vya kuunganisha kwa nyaya vinavyotoa muziki na hadithi, kwa ajili ya watoto wasioona. Mwaka 2019 kilikabidhiwa kwa American Printing House for the Blind, shirika la Marekani linalotengeneza vifaa vya wasioona. Kwa mji wenye shule ya Furaha, inayosomesha watoto wasioona, ni vigumu kukiita kitu kama hicho mchezo.

Kuna pingamizi moja naliheshimu kuliko yote: mbao bila mashine hazikosoi. Mwalimu anaweza kupitisha mpangilio mbovu kwa huruma, wakati kompyuta haina huruma, na ukali huo ndio unaofundisha. Nakubali. Kupanga vibao chini na kupiga makofi hakutoshi, lazima kitu fulani kivitekeleze bila upendeleo. Lakini kitu hicho tayari kiko mikononi mwa walimu wengi: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa shule. Vina kamera. Alama za duara zilizotumika kwenye Tern ziko wazi kwa yeyote, na mafundi wa hapa, wanaoranda mninga kwa milango ya nchi nzima, hawashindwi kukata vipande hamsini vyenye kichwa na tundu.

Kinachokosekana ni programu ya Kiswahili ya kusoma alama hizo, na hiyo ni kazi ya vijana wetu walio vyuoni. Ningependa fedha ya kwanza iende huko, kabla ya kununua kompyuta ya ishirini ya chumba kinachofungwa kwa kufuli. Kuanzia darasa la tano hivi, mtoto ahamie kwenye kibodi na maandishi. Kumchelewesha kwenye mbao kungekuwa dhuluma, na hapo niko pamoja na wazazi wote wanaolalamika.